Mnunuzi Anayejua

Juu ya meza yangu ya kuandikia, hapa Ujiji, kuna jiwe la kijani lenye mistari myeusi, dogo kama yai la bata lakini zito kuliko umbo lake. Mjukuu wangu aliniletea kutoka ng'ambo ya ziwa. Yeye huvuka mara kwa mara kwenda Kalemie na bidhaa zake, na safari moja aliendelea kwa malori mpaka Kolwezi. Aliliweka mkononi mwangu akasema, "Babu, hili ndilo linalogombaniwa kule." Nikamwambia kwamba hayo ni madini ya shaba, na kwamba wazee wa Ujiji waliiona shaba ya Katanga ikifika katika nchi hizi kwa mikono ya wapagazi, kabla Mzungu yeyote hajakanyaga ufuko huu. Hapo kijana akanitupia swali ambalo sikuwa na jibu lake tayari. Aliuliza, "Sasa mbona kampuni inayochimba kule iliitwa kampuni ya molibdeni?"

Mwalimu akiulizwa jambo asilolijua hana budi kwenda kulitafuta. Nilitumia miezi kadhaa kulitafuta, na nilichokiona kilinirudisha kwenye jambo langu mwenyewe la mwaka 1986, ambalo nimekaa nalo kimya muda mrefu mno. Nitalisimulia mahali pake. Kwanza tumalize habari ya madini.

Molibdeni ni metali ya rangi ya fedha ambayo huchanganywa na chuma ili chuma kiwe kigumu na kisilegee katika moto mkali. Yenyewe haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 2,623 za sentigredi. Mabomba ya mitambo ya mafuta, injini, na vyombo vya kukatia chuma vinaihitaji. Jina lake lilitokana na kosa. Wazungu wa kale waliona mawe yake meusi yanayoacha alama kama ya penseli wakayachanganya na risasi, na jina lenyewe ni la Kigiriki lenye maana ya risasi. Mwaka 1778 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, ndiye aliyethibitisha kwamba hiki ni kitu kingine kabisa. Nilifurahi kujifunza pia kwamba mharage hauwezi kustawi bila chembe za molibdeni ardhini, kwa kuwa bakteria wa vifundo vya mizizi yake huzihitaji ili kuikamata naitrojeni ya hewani. Kwa hiyo kila mkulima wa maharage wa Kasulu anaimiliki kidogo, ingawa hajapata kulisikia jina lake.

Kampuni zinazoichimba kwa wingi si nyingi. China ndiyo nchi inayoongoza, na huko zipo Jinduicheng ya mkoa wa Shaanxi na ile ya Luoyang, mkoani Henan, iliyokuwa ikiitwa China Molybdenum mpaka mwaka 2022, ilipojibadili jina na kuwa CMOC. Chile wanayo Codelco, ambayo ni mali ya dola. Yenyewe huchimba shaba, na molibdeni huipata humo humo kama mpishi apatavyo ukoko. Marekani wanayo Freeport-McMoRan, yenye migodi ya Climax na Henderson katika milima ya Colorado.

Huo mgodi wa Climax ndio ulionikalisha kitako. Mwaka 1879, watu walipokuwa wakikimbilia fedha katika milima ile, mtafutaji mmoja aliyeitwa Charles Senter aliona mwamba wenye mishipa ya kijivu akaweka alama zake. Hakujua ni kitu gani. Alihakikisha tu kwamba si dhahabu wala fedha. Hata hivyo hakuuacha. Sheria ya kule ilimtaka mwenye kitalu afanye kazi kiasi fulani kila mwaka ili haki yake isipotee, naye akawa anapanda mlimani mwaka baada ya mwaka kupasua mawe asiyoyajua, huku akijipatia riziki kwa kuchekecha dhahabu kidogo bondeni. Mwaka 1895, baada ya miaka 16, ndipo alipompata mkemia aliyeyapima mawe yale na kumwambia kuwa ni molibdeni. Soko lilikuwa bado halijawa na maana. Lilikuja baadaye, watengeneza chuma walipogundua matumizi yake, na Vita Kuu ya kwanza ikaongeza haja. Mwaka 1918 Senter alilipwa dola 40,000 kwa vitalu vyake, akahamia mjini Denver kupumzika. Mlima ule baadaye ulitoa sehemu kubwa ya molibdeni iliyotumika duniani.

Msomaji anaweza kusema kwamba dola 40,000 kwa mlima kama ule ni kupunjwa. Yumkini. Lakini tazama yule mkemia wa mwaka 1895. Mbele yake alikuwa na mtu asiyejua alichonacho, na yeye anajua. Angeweza kusema, "Haya ni mawe tu, bwana," kisha akatuma mtu mwingine kwenda kuyanunua. Alisema kweli. Mtu huyo nimemfikiria kuliko nilivyofikiria kampuni zote nilizozitaja.

Sasa turudi ng'ambo ya ziwa letu. Kwa kununuana na kuungana kwingi, mgodi wa Climax uliishia mikononi mwa kampuni ya Phelps Dodge, na mwaka 2007 Freeport ikainunua Phelps Dodge yenyewe. Katika mali zilizokuja kwa ununuzi huo kulikuwa na haki ya kuchimba Tenke Fungurume, vilima vya shaba na kobalti vilivyo Katanga, katika eneo ambalo sasa ni mkoa wa Lualaba. Mwaka 2016 Freeport ilikuwa na madeni, ikaiuzia China Molybdenum sehemu yake, asilimia 56 ya mgodi, kwa dola bilioni 2.65. Basi vilima vile vilitoka katika mkono wa kampuni moja kubwa ya molibdeni vikaingia katika mkono wa nyingine. Mjukuu wangu akapata jibu la swali lake.

Jibu hilo lilizaa swali jingine, tena zito zaidi. Wacongo nao wana hisa katika mgodi ule, asilimia 20, kupitia shirika la dola liitwalo Gécamines. Shirika hilo lililalamika kwamba akiba ya madini iliyomo ardhini haikutangazwa yote kama ipasavyo, na hivyo malipo yake yamepunguzwa. Kampuni ilikana. Mahakama iliweka msimamizi wa muda, na Julai 2022 mgodi ukazuiwa kupeleka shaba na kobalti nje. Shauri lilimalizwa kwa mapatano ya Aprili 2023, kampuni ikakubali kulipa dola milioni 800 kwa awamu. Nani alikuwa mkweli si kazi yangu kuhukumu. Ninachokitazama ni umbo la ugomvi wenyewe. Wabia wawili wanagombania kitu ambacho mmoja amekichoronga na kukipima, na mwingine anapaswa kukisoma katika karatasi alizoandikiwa na mwenzake.

Sisi Watanzania tusicheke. Mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia ya dhahabu na shaba yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, na kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikasema kuwa ndani yake mna mali nyingi mno kuliko iliyotangazwa. Kampuni ya Acacia ilikana kabisa. Serikali ilidai kodi ya dola bilioni 190, na mwisho mapatano na Barrick yakawa dola milioni 300 pamoja na hisa asilimia 16 katika migodi. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ni kubwa kiasi kwamba mtu mwenye akili zake anabaki akijiuliza hivi kweli kontena lilikuwa na nini. Nilikuwa nimekwisha kustaafu wakati huo, na barazani kwetu kila mtu alikuwa mtaalamu wa jiolojia.

Kuna wanaosema kwamba wenyeji hawakujua mali yao, na asiyejua mali yake hana haki ya kulalamika. Kwa Katanga maneno hayo ni ya uongo. Shaba waliijua. Waliichimba, waliiyeyusha, wakaifua kwa umbo la msalaba na kuitumia kama fedha. Mfalme wao wa mwisho mwenye nguvu, Msiri wa Bunkeya, alitoka upande wetu huu, mtu wa ukoo wa Kisumbwa aliyekwenda kule kwa biashara. Desemba 1891 alikataa kuipokea bendera ya Mfalme Leopold, akapigwa risasi na watu wa msafara uliopita Tabora na kulivuka ziwa letu hili kutoka Karema. Msiri alijua kilichomo ardhini mwake. Asichoweza kukijua ni bei yake katika nchi ambazo zilikuwa zinaanza kutandika waya za umeme. Ujinga wa namna hii ndio ninaotaka kuuzungumzia, maana si upumbavu. Mtu anaijua mali yake vizuri kuliko mtu yeyote, ila kuna jambo moja liko mbali naye, na jambo hilo ndilo linaloamua bei.

Je, mnunuzi anayelijua jambo hilo, akinyamaza, wamepatana kweli?

Swali ni kongwe. Cicero, yule mwanasheria wa Roma, aliliandika mwaka 44 kabla ya Kristo kwa mfano wa mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, akijua kwamba merikebu nyingine nyingi zimo njiani. Aseme, au auze kwanza kwa bei ya njaa? Wanafalsafa wawili anaowataja walitofautiana. Mmoja aliona kwamba kunyamaza si kuficha, na wa pili aliona kwamba binadamu wanadaiana kuliko hivyo. Cicero mwenyewe aliegemea kwa huyu wa pili. Mfano wake unamhusu muuzaji anayejua. Kwa upande wa mnunuzi anayejua, sisi tuliolelewa katika madrasa za Ujiji tuna mfano ulio karibu zaidi. Mtume alikataza watu kutoka nje ya mji kuupokea msafara na kununua mizigo kabla haijafika sokoni, na mwenye mzigo akapewa hiari ya kuuvunja uuzaji huo atakapofika na kuijua bei. Mwalimu wangu wa chuoni alipotufundisha hayo tulidhani ni habari za ngamia. Nenda Kibirizi alfajiri uwaone wanaotoka na mitumbwi kuwapokea wavuvi majini, kabla dagaa na migebuka havijafika mwaloni. Mvuvi amekesha usiku kucha na karabai, hajui leo wenzake wamepata au wamekosa. Yule anayempokea ametoka pwani, anajua.

Nimejaribu kuisikiliza hoja ya upande wa pili, maana nimefundisha watoto miaka mingi kwamba usimkatae mtu kabla hajamaliza. Ujuzi una gharama. Kampuni inapochoronga mwamba mara mia na kukuta patupu, hakuna anayeilipa. Ikiwa kila inachokigundua lazima ikitangaze bure kabla ya kununua, nani atajisumbua kutafuta? Senter alipanda mlima miaka 16. Aliyepanda anastahili kitu. Nakubali. Mtu aliyeutafuta ujuzi kwa jasho lake ana haki ya kufaidika nao, ingawa sijui ni kwa kiasi gani. Lakini hoja hiyo haimsaidii mtu aliyechoronga kwenye shamba la mbia wake kwa leseni ya mbia wake, kwa kuwa hapo hata ujuzi wenyewe ni mavuno ya shirika. Wala haimsaidii mtu aliyeokota ujuzi mahali alipoaminiwa tu.

Hapo ndipo ninaposimama mimi.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Watu wa chuo cha ualimu wa kizazi changu tulifundishwa kwamba mwalimu ni wa jamii nzima, na ndivyo tulivyotumiwa: kuandika barua za wazee, kuhesabu watu, kukaa katika kamati. Katika kamati moja niliona ramani. Eneo fulani nje kidogo ya makazi, lililokuwa na michikichi na mihogo, lilikuwa limechorwa mistari ya viwanja na barabara. Hakuna aliyetuambia tufanye siri. Hakuna pia aliyedhani kwamba mmoja wetu angetoka pale na kwenda moja kwa moja kwa bibi mmoja mjane mwenye shamba katikati ya mistari ile.

Nilimkuta akikamua mawese. Nilimwamkia, nikazungumza habari za mjukuu wake aliyekuwa darasa la sita kwangu, kisha nikamwambia nataka mahali pa kulima uzeeni. Alinitajia shilingi 9,000. Sikuomba apunguze hata senti. Ilikuwa ndiyo bei ya mashamba kama lile, na mashahidi wawili walitia sahihi. Yeye alitia dole gumba. Kwa sheria, ardhi ilikuwa mali ya umma na nilichonunua ni michikichi 14 na jasho la marehemu mumewe. Kwa karatasi hakuna kosa. Ningeweza kuionyesha mahakama yoyote.

Miaka miwili baadaye wapima walikuja na mambo yao. Niliuza viwanja vitatu, nikabakiza kimoja. Nyumba ninayoandikia iliezekwa bati kwa fedha hizo, na watoto wangu wawili walivaa viatu vya sekondari kutoka humo humo.

Bibi hakugomba. Watu wa Ujiji wa umri wake hawakuwa na kelele. Jioni moja alisimama mlangoni kwangu, akakataa kiti, akauliza, "Mwalimu, siku ile ulikuwa unajua?"

Nikamjibu, "Bibi, ajuaye ni Mwenyezi Mungu."

Hakuna Mwislamu anayeweza kulipinga neno hilo. Aliitikia kwa kichwa, akaenda zake. Nimeyapima maneno yangu tangu wakati huo kuliko mkemia apimavyo jiwe, na kila neno ni la kweli, na jibu lote ni uongo. Kunyamaza kwangu siku ya kununua ningeweza kukutetea mbele ya yule mwanafalsafa wa kwanza wa Cicero, akanipa hata mkono. Mlangoni, nilipoulizwa, hata yeye angeniacha. Tena nilimtumia Mungu kama pazia. Bibi alifariki mwaka 1994. Nilihudhuria maziko, nikashika jeneza.

Wakati wa kusoma habari za Tenke Fungurume nilikuwa nikiwakasirikia wakubwa wa makampuni, nikipiga mistari kwa kalamu nyekundu kama ninasahihisha madaftari. Mpaka nilipofika kwa Senter na mkemia wake. Niliiweka kalamu chini. Wakubwa wale wana wanasheria wa kuwaambia kwamba karatasi ni safi. Mimi nilijiambia mwenyewe, bila kulipa.

Mwezi uliopita nilimwendea yule mjukuu. Ni mtu mzima sasa, ana duka la vifaa vya ujenzi Kigoma mjini, na bado hunisimamia ninapoingia. Nilimweleza yote, tangu ramani mpaka mlangoni. Nikamwambia kiwanja kilichobaki ni chake na ndugu zake, nami niko tayari kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa tukaandikishane.

Alikaa kimya, akahudumia mteja wa misumari, akarudi. Akasema, "Mwalimu, kiwanja tutakipokea. Lakini ile mitatu je? Uliniwekea hesabu nyingi ubaoni. Hii nifanyie mwenyewe: bibi angejua, angekuuzia shilingi ngapi?"

Nilimwambia shilingi ile imeshuka mno, bati na saruji vimepanda, na labda bibi asingeuza kabisa. Akasema, "Basi andika hivyo hivyo, utuletee." Nimenunua daftari. Nimeandika mwaka, bei, idadi ya michikichi, na bei ya kila kiwanja kama ninavyoikumbuka. Ndugu zake watakuja kutoka Uvinza baada ya Idi, na mkutano utakuwa nyumbani kwangu, chini ya bati zile.